Fundi Anajibu: MAF Ikichafuka, Osha Kabla Hujanunua

Sijui kama mliambizana, lakini mwezi huu meseji karibu zote zimekuja na jambo moja, senso ya kupima hewa inayoingia kwenye injini, ile wengine mnaiita eafloo na kwenye mashine ya kupima inaandikwa MAF. Nimechagua chache zenye faida kwa wengi, zinazofanana nimeziunganisha, na nyinyi mlionitumia voisi za dakika kumi kumi mnisamehe, nimezifupisha.

Fundi, habari za kazi. Naendesha spesho, teksi ya kukodi, hapa Kampala, gari ni Toyota Wish ya 2004, injini 1.8. Imeanza kuchoka, nikipanda Namirembe na abiria watatu lazima nizime AC ndiyo ivute, mafuta pia naona yanaenda haraka na taa ya cheki injini imewaka. Gereji wamepima wakapata kodi, yaani namba ya hitilafu, P0171, wakasema MAF imekufa, mpya laki tatu na nusu, au wanitafutie used kwa laki na ishirini. Hela yenyewe naitafuta kwa siku, hakuna njia ya kupunguza? (Dereva wa spesho, Ntinda)

Ssebo, hela yako iache mfukoni kwanza. P0171 haisemi MAF imekufa. Inasema tu kompyuta ya injini imeona hewa ni nyingi kuliko mafuta, ikajaribu kuongeza mafuta mpaka ikafika mwisho wa ruhusa yake, ndiyo ikawasha taa. Kinacholeta hali hiyo ni vitu vingi: senso chafu inayodanganya, hozi iliyopasuka kati ya senso na throtoli (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), gasketi ya manifodi (bomba la kugawa hewa kwenye silinda) inayovuta hewa pembeni, pampu ya mafuta iliyochoka, filta ya mafuta iliyoziba. Kodi za MAF yenyewe ni P0100 mpaka P0103, na hata hapo P0102 mara nyingi unakuta ni waya au plagi haijakaa vizuri. Fundi anayesoma P0171 halafu hapo hapo anataja bei ya senso bila hata kufungua boneti, huyo hajapima, amebashiri.

Sasa tuelewane hii senso inafanya nini, maana ukishaelewa hakuna mtu atakuzungusha. Iko kwenye bomba la hewa, baada tu ya boksi la filta na kabla ya throtoli. Ndani yake kuna kiwaya chembamba sana kinachopashwa moto kwa umeme, na kompyuta inataka kile kiwaya kibaki na joto lile lile juu ya joto la hewa inayoingia. Hewa ikipita inakipoza, umeme unaongezwa kukirudishia joto, na ule umeme ulioongezwa ndiyo kipimo cha hewa, kwa uzito, gramu kwa sekunde. Kompyuta inachukua hiyo namba inaamua petroli ya kumwaga. Sasa vumbi la murami wa barabara zisizo na lami na mvuke wa oili vikishikana juu ya kiwaya, ni kama mtu aliyevaa sweta, upepo unapita yeye hasikii baridi. Hewa inaingia nyingi, senso inaripoti kidogo, mafuta yanamwagwa kidogo, na hapo ndipo gari inapokosa nguvu kwenye mlima maana ndiyo wakati hewa inapita kwa wingi.

Na hilo la mafuta kuisha haraka, wengi wanashangaa, si umesema mafuta yanamwagwa kidogo? Ndiyo, lakini gari isipovuta mguu wako unafanya nini? Unakanyaga zaidi, unakaa gia ya chini muda mrefu, na ukichanganya na jamu ya Jinja Road jioni, jibu unalo.

Kabla hujaosha chochote, pima. Tafuta kile kidude cha OBD cha Bluetooth, cha kusoma kompyuta ya gari, cha kuchomeka chini ya usukani, au azima kwa mwenzako, weka programu kwenye simu. Gari nyingi za kuanzia miaka ya 2000 zinashika, ingawa baadhi ya zile zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zinasumbua mpaka ubadilishe mipangilio ya programu. Ikikataa kabisa, mlipe fundi mwenye mashine, lakini umwambie wazi, sitaki kodi peke yake, nataka kuona namba zikitembea. Injini ikiwa imepata moto vizuri na AC imezimwa, angalia vitu viwili. Cha kwanza gramu za hewa kwenye sailensi, yaani injini inawaka bila kukanyagwa, injini ya 1.8 kama yako inatakiwa iwe kwenye gramu 2 mpaka 3 hivi kwa sekunde. Cha pili ndiyo muhimu zaidi, trimu ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ambayo kompyuta imejifunza kuongeza au kupunguza. Ikicheza ndani ya 10 juu au chini, hakuna kesi.

Sasa utamu uko hapa. Isome kwenye sailensi, halafu mtu akanyage mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika aishikilie pale uisome tena. Kama kwenye sailensi ni kubwa, tuseme 25, halafu kwenye 2,500 inashuka kuwa 5, hiyo sio MAF, hapo kuna sehemu inavuta hewa, maana tundu dogo linaonekana sana injini ikivuta hewa kidogo na linapotea hewa ikiwa nyingi. Ikiwa kinyume, sailensi nzuri lakini inapanda kadiri unavyokanyaga, hapo senso chafu inashukiwa kweli, pamoja na pampu ya mafuta dhaifu. Hizo mbili utazitenganisha baada ya kuosha: ukiosha na gramu zisibadilike na trimu ibaki juu, peleka gari ipimwe presha ya mafuta, usinunue senso.

Na hata kabla ya simu kuna kitu cha bure kabisa. Shika ile hozi nyeusi kutoka kwenye senso kwenda throtoli, ikunje kwa mikono, angalia kwenye yale makunjo kwa chini, maana inapasuka kule ambako macho hayafiki. Gari ya miaka 20 mpira umeshakauka. Angalia na klipu zake kama zimekazwa, na vihozi vidogo vya vakyumu. Ajabu ni kwamba watu wengi wanapata ugonjwa huu siku mbili tatu baada ya sevisi, mtu alifungua boksi la filta akaliacha bila kufunga klipu moja.

Ukishajiridhisha ni uchafu, kuosha ni hivi. Nunua kopo la spray iliyoandikwa ya kusafishia MAF, CRC wanatengeneza na wengine pia, bei yake ni sehemu ndogo tu ya hiyo ya used uliyotajiwa na kopo moja linaosha gari kadhaa, mnaweza kuchanga hapo stejini. Zima gari, toa ufunguo, subiri ipoe. Chomoa plagi ya waya kwa kubonya kile kiulimi, usivute waya zenyewe. Kwenye Toyota senso imeshikwa na skurubu mbili za bisibisi ya nyota, zitoe taratibu maana zimeingia kwenye plastiki, ukilazimisha nyuzi zinakufa. Ivute senso moja kwa moja kwenda juu. Angalia oringi yake, ikiwa imekatika au imekauka ibadilishe maana pale nako hewa isiyopimwa inaingia.

Ndani utaona viwaya vidogo kwenye kale katundu, na pembeni kuna kitone kama punje kinachoning'inia, kile kinapima joto la hewa. Usiguse. Sio kwa kidole, sio kwa kitambaa, sio kwa ile pamba ya masikio, sio kwa brashi ya mswaki ati kwa sababu ni laini. Hakuna laini hapo. Kazi ya kusugua inafanywa na spray peke yake, piga kwa vipindi vifupi mara kumi mpaka kumi na tano, kila upande, nyuma na mbele, iache ichuruzike uchafu udondoke. Kisha iweke kwenye kivuli ikauke yenyewe, hata ukiiacha nusu saa hupotezi kitu. Usipulize na kompresa, nimeona senso nzima zikiuawa na kompresa ndani ya sekunde moja. Na hizi dawa zinashika moto vibaya sana, kwa hiyo fanyia nje, sigara mbali, na usirudishe senso ikiwa mbichi ukawasha.

Wakati inakauka usikae bure, toa filta, panguza boksi ndani kwa kitambaa kibichi, manake ukirudisha senso safi kwenye boksi lenye mchanga umefanya kazi ya bure. Rudisha senso ikitazama upande ule ule iliokuwa, kaza skurubu kwa mkono tu. Halafu futa kumbukumbu, kwa simu ile ile futa kodi, au toa waya wa hasi wa betri dakika kadhaa, ili kompyuta isahau zile asilimia ilizojifunza wakati wa ugonjwa. Siku ya kwanza sailensi inaweza kuyumba kidogo, inajifunza upya, usirudi kumsumbua fundi. Endesha siku mbili tatu halafu soma trimu tena.

Nnakusalimia Fundi. Mimi niko Jinja, naendesha Vitz ya kupeleka watoto shule. Hiyo spray ya MAF nimezunguka maduka yote hapa sijaipata, muuzaji mmoja kanipa ya kabureta anasema ni kitu kile kile. Mume wangu yeye anasema petroli inatosha. Dada wa duka la dawa kasema spiriti. Nimfuate nani? (Mama wa watoto watatu, Jinja)

Nnyabo, kati ya hao watatu usimfuate hata mmoja, na shemeji yangu umwambie kwa upole.

Ya kabureta ni kali, imetengenezwa kung'oa masizi kwenye chuma, ikikutana na plastiki ya senso na gundi zilizoshika vile vipande inavilainisha na kuvipasua. Ya breki hivyo hivyo, ingawa utasikia watu wakiapa kwamba wao wanaitumia kila siku. Petroli inaacha utando. Na ile spiriti ya kidonda ya duka la dawa ndiyo inawadanganya wengi zaidi kwa sababu inanukia usafi na inakauka haraka, kumbe nyingi zimechanganywa mafuta ya nyonyo ili zisiikaushe ngozi, sasa hayo mafuta yanabaki kwenye kiwaya, yakipata joto vumbi linanasa juu yake haraka kuliko mwanzo. Sanitaiza zilizobaki kabatini tangu wakati wa korona nazo hapana, zina gliserini. WD-40 ya kawaida pia hapana, ile ni mafuta.

Mbadala uko. Nenda kwa mafundi wa simu na redio, waulize spray ya kusafishia kontakti za umeme, lakini soma kopo, liwe limeandikwa haliachi kitu nyuma na ni salama kwa plastiki. Au tafuta alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, hao hao mafundi wa simu wanaitumia kuoshea bodi. Hiyo unaimimina kwenye kikombe safi unaichovya ile ncha ya senso na kuitikisa polepole ndani yake, au unaipuliza kwa kichupa cha spray, halafu muda wa kukauka uwe mrefu zaidi, iache hata saa zima. Ya asilimia 70 ina maji, achana nayo. Na hata hivyo kama una mtu anakuja Kampala, mwagize kopo lenyewe, hakuna kubahatisha.

Wenye gari za Ulaya mnaosoma hapa, zenu nyingi sio kiwaya, ni kitu chembamba kama karatasi kilichochapishwa, kinashika joto haraka lakini ni laini kuliko kiwaya cha Toyota. Spray ile ile, lakini kwa mbali zaidi na kwa huruma, na msitarajie muujiza, hizo kuosha kunakubali mara nyingine na mara nyingine kunakataa.

Fundi mimi nina kikumi, ile Corolla ya AE100. Kijana wa gereji ya jirani amenitoza elfu hamsini kuosha MAF. Gari iko vile vile. Nimdai? (Mzee wa Luwero)

Mzee wangu shikamoo. Mdai, kwa sababu kikumi haina MAF.

Sitanii. Injini ya 5A iliyo kwenye hiyo gari inapima hewa kwa njia nyingine kabisa, inatumia MAP, senso ya vakyumu, kidude kidogo cheusi kwa nyuma kwenye ukuta wa injini chenye kihozi chembamba kinachokwenda kwenye manifodi. Inapima mvuto wa hewa halafu kompyuta inapiga hesabu. Toyota nyingi za miaka ya 1990 ziko hivyo, pamoja na Ipsum za kwanza zenye 3S na Raum za kwanza. Zilipokuja injini za VVT-i kama 1ZZ na 1NZ, yaani Wish, Spacio mpya, Vitz, Fielder, ndiyo MAF ikawa kitu cha kawaida. Kwa hiyo kabla mtu hajakuosha kitu, mwambie akuonyeshe kilipo.

Kwa kikumi yako wewe angalia kile kihozi chembamba. Kikikauka kikapasuka au kikachomoka, gari inamisi, inatoa moshi mweusi, inanuka petroli. Hozi ya urefu wa mkono unakata dukani kwa bei ya soda mbili tatu.

Habari kaka, nina Nissan X-Trail ya 2003, niko Mbale. Gari inawaka vizuri lakini haipiti 2,400, ukikanyaga zaidi inakata kata kama inakosa mafuta. Nimebadilisha pampu, nimebadilisha plagi za moto, mwishoni nikanunua MAF mpya ya bei nafuu kutoka duka moja, bado. Sasa nimechoka nataka kuiuza. (Msomaji wa Mbale)

Pole ndugu yangu, lakini usiuze, gari yako inakuambia wazi inachoumwa. Nissan ndivyo walivyoipanga. Kompyuta ikiona ishara ya MAF imepotea au haiaminiki, inajilinda kwa kukata mafuta injini ikifika kama 2,400, ili uweze kufika gereji lakini usiweze kukimbia. Dalili hiyo wenye Nissan wanaijua vizuri, ungeuliza mapema usingenunua pampu.

Umeweka MAF mpya na bado, kwa hiyo kuna mambo mawili. Moja ni waya. Chukua mita ya umeme, washa ufunguo bila kuwasha injini, chomoa plagi ya senso, angalia kama umeme wa betri unafika pale kwenye waya wa kuleta umeme, na kama waya wa ethi, ule wa hasi, umeshika kweli. Ziangalie pini, moja ikirudi nyuma ndani ya plagi au ikiota kutu ya kijani, senso ya dhahabu haitasaidia. Waya zinakatika pia ndani ya ganda mahali zinapokunjwa kila ukifungua boksi la filta, kwa nje unaona nzima. Jaribu kuitikisa plagi injini ikiwa kwenye sailensi, ikishtuka umeshapata.

La pili ni hiyo senso mpya yenyewe. Soko letu limejaa za kuiga, kasha zuri, jina kubwa limechapishwa, ndani namba za kiwaya hazilingani na kile kompyuta inachotarajia. Hapa nina msimamo na najua kuna wauza spea watanuna: kati ya mpya ya bei ya kutupa na used halisi iliyotoka Japani kwenye gari yake, nachukua used, naiosha, nafunga. Lakini used nayo ina masharti. Namba iliyo mgongoni ilingane yote mpaka tarakimu ya mwisho, kwa Toyota kwa mfano utaona inaanza na 22204 lakini hiyo ni mwanzo tu, zinazofuata ndizo zinaitambulisha. Usikubali maneno ya "zote zinaingia." Kuingia zinaingia, plagi ni moja na skurubu zinakaa, shida ni kwamba kila senso imepangiwa upana wa bomba lake, ukiitia kwenye bomba pana au jembamba zaidi hesabu yote inaharibika hata kama senso ni nzima. Na ukienda Kisekka au Ndeeba nenda na gari yenyewe, kubaliana na muuzaji uifunge pale pale, chomeka simu usome gramu na trimu kabla hujatoa hela. Muuzaji mwenye kitu kizuri hakatai, anayekataa mshukuru uende duka la pili.

Ile yako ya zamani umeitupa? Kama bado ipo ioshe uirudishe baada ya kushughulikia waya, huenda haikuwa na kosa.

Kuna wengine watatu wameuliza kama ni kweli unaweza kuijua MAF mbovu kwa kuichomoa plagi tu. Nusu kweli. Ukiichomoa, kompyuta inaacha kuiamini na kutumia makadirio yake. Gari iliyokuwa inazima zima ikitulia baada ya kuchomoa, senso inashukiwa sana. Lakini isipobadilika haimaanishi senso ni nzima, na kwenye Nissan utakutana na lile zuio la 2,400 uanze kulia. Pia itawasha taa na kuandika kodi, na kwenye Toyota yenye pini tano utapata na P0113 kwa sababu senso ya joto la hewa imo humo humo ndani, simu itakuonyesha hewa ina nyuzi 40 chini ya sifuri, usidhani uko Ulaya, ni plagi iko wazi tu.

Fundi sisi huku Karamoja vumbi ndiyo chakula. Tuna Hilux ya dizeli ya kazi, MAF tuioshe kila baada ya muda gani? Washing bei wanatuoshea na filta kwa sabuni kila wiki kwa hiyo filta iko safi. (Dereva, Moroto)

Hiyo filta haiko safi, imekufa. Filta ya karatasi haioshwi. Ukiitia maji na sabuni nyuzi zake zinavimba, zikikauka zinaacha nafasi, macho yako yanaona nyeupe unafurahi, lakini vumbi jembamba linapita moja kwa moja, kwanza linakaa kwenye MAF halafu linaingia kwenye silinda kusaga ringi. MAF unaweza kuiosha, silinda utaifanyia nini? Hata kuipuliza na kompresa kwa karibu kunaitoboa. Kama ni lazima mpulize, presha ndogo, kutoka ndani kwenda nje, kwa mbali, halafu iinue mbele ya jua uone kama kuna vitone vya mwanga vinapita. Vikipita, tupa. Kwa kazi yenu mimi ningeweka bajeti ya filta mpya mara kwa mara kuliko spray, na ningeangalia mpira wa kuzunguka filta kama unakaa sawa kwenye boksi, maana filta feki nyingi ni fupi kwa milimita chache tu na pembeni vumbi linapita kama hakuna filta.

Zile filta za kupakwa oili, za kuosha na kutumia tena, zinafaa ukizipaka kwa kipimo. Kijana akizimwagia oili kama anakaanga chapati, ile ziada inavutwa na hewa kwenda kukaa kwenye kiwaya.

Sasa swali lenyewe. Mimi sipangi tarehe ya kuosha MAF. Kila mkibadilisha filta ichungulieni kwa tochi, mkiona utando ni spray, mkiona inang'aa iacheni, kila kuitoa ni nafasi ya kuivunja. Kwenye dizeli za kisasa kama hizo, kompyuta inaitumia zaidi kuendesha EGR (ile ya kurudisha sehemu ya moshi kwenye injini) na kuzuia moshi, kwa hiyo dalili yenu itakuwa moshi mweusi na kukosa nguvu mwanzoni, sio ile P0171 ya petroli.

Fundi, nimeosha MAF ya Fielder yangu ya 1.5 kwa spray sahihi kama ulivyosema siku za nyuma. Trimu sasa ni 3, gari inavuta. Lakini nikikanyaga mpaka mwisho gramu zinafika 69 tu, na mtandaoni wanasema inatakiwa 85. Ninunue mpya? (Mwalimu, Kabale)

Mwalimu, hesabu uliyoisoma ni ile ya gramu 0.8 kwa kila hospawa moja, na 1NZ ina kama 109, ndiyo wakapata hiyo 85 na kitu. Hesabu ni nzuri, ila imepigwa kwa mtu anayeishi karibu na bahari. Wewe Kabale uko karibu mita 2,000 juu, hewa yenyewe ni nyepesi, imepungua kama moja ya tano hivi. Senso inapima uzito wa hewa, sasa hewa ikiwa haina uzito itoe wapi? Piga asilimia 80 ya 85 au 87 uone unapata ngapi. Injini yako inapumua vizuri na senso inasema kweli, ndiyo maana trimu ni 3. Usinunue chochote.

Ukitaka kujiridhisha, siku ukishuka Kampala jaribu tena kwenye ekspresiwei ya Entebbe asubuhi mapema, abiria ndiye ashike simu, wewe kanyaga ukipandisha mwendo lakini usipite ile 100 yao. Kule ni mita 1,200 hivi, namba itapanda bila kugusa hata skurubu moja.